Kufua Siyo Kuosha

Jumamosi, wiki ya nne ya Kwaresima.

Leo nimefua tangu saa mbili asubuhi mpaka jua likawa utosini. Shati jeupe la shule la mwanangu lina utomvu wa ndizi kifuani, na utomvu wa ndizi ukishakaa haujui kuaga. Nilililoweka usiku kucha, nikalipaka sabuni ya mche, nikafikicha hadi vidole vikachubuka. Nikasuuza. Doa lipo. Nikarudia.

Hapo kwenye beseni ndipo nilipomkumbuka padri aliyetuongoza mafungo mwaka jana. Alitufundisha Zaburi ya 51, ile ya Jumatano ya Majivu. Alisema pale tunaposoma "Unioshe kabisa na uovu wangu", Kiebrania hakitumii neno la kuosha mwili, kinatumia la kufua nguo, la kukanyaga na kusugua. Sisi Waswahili mambo haya hatuyachanganyi: uso tunanawa, mwili tunaoga, vyombo tunaosha, nguo tunafua. Daudi, mfalme mzima, alijiweka kwenye fungu la nguo chafu. Siku ile mafungoni tulicheka. Leo nimelisokota shati kulikamua, nikawaza kwamba lingekuwa na mdomo lingelia.

Padri yule alisema na jingine. Neno la rehema katika mstari wa kwanza wa zaburi hiyo ni ndugu wa neno la tumbo la uzazi. Na "rehema" yetu tuliipata kwa Waarabu, ambao lugha yao na Kiebrania ni damu moja, mzizi ni ule ule. Kwa hiyo anayefua ni kama mama. Nimeliamini hilo leo kuliko siku ya mafungo, kwa sababu mtu baki angeliangalia shati hili mara moja tu, akaligeuza tambara la kudekia.

Haya, niandike lile ninalolizunguka.

Mwaka jana mwezi wa nane shangazi alinipigia kutoka kijijini. Miguu imevimba, anaomba elfu sitini ya hospitali. Nikamwambia, "Shangazi yangu, huku kumekauka kabisa." Kwenye simu nilikuwa na laki na arobaini, ya sare ya harusi. Shangazi aliuza mbuzi wake. Alikuwa naye mmoja.

Juu ya zaburi hiyo imeandikwa kwamba Daudi aliitunga baada ya nabii Nathani kumwendea. Na Nathani alianza na kisa cha tajiri mwenye makundi ya kondoo na ng'ombe, aliyemchukua kondoo mmoja wa maskini. Nimekisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na kila mara nilimkasirikia tajiri yule. Daudi naye alimkasirikia, mpaka Nathani alipomwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Jana baada ya Njia ya Msalaba nilikwenda kuungama. Nilijiandaa kupita haraka: "Nilikuwa mchoyo kwa ndugu." Padri akauliza, "Ulimfanyia nini?" Nikasema yote. Aliponiondolea dhambi sikuwa nimeinuka bado, akauliza kwa upole, "Na mbuzi?"

Nilitoka nimenuna, sitasema uongo hapa. Si nimeshasamehewa? Lakini Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1459, inasema wazi kwamba ondoleo huiondoa dhambi, halitengenezi yote yaliyoharibiwa na dhambi hiyo. Nililala na mbuzi kichwani.

Shati nimelianika. Doa limefifia, ukilitafuta unaliona. Nimeangalia tena ile zaburi, nikaona kwamba Daudi akishaomba kufuliwa mara mbili anabadili ombi: "Ee Mungu, uniumbie moyo safi." Kuumba, neno lile lile la mstari wa kwanza wa Mwanzo. Labda naye aliona kufikicha peke yake hakutoshi.

Saa kumi nimepiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Hamjambo huko?"

Nikamwambia kwamba mwezi ule wa nane hela nilikuwa nayo. Alinyamaza, nikasikia kuku wake.

"Nilijua," akasema. "Wewe ukidanganya unaongea mbio, tangu mdogo. Mjukuu wangu anasoma?"

Anasoma, nikasema, na sauti ikakatika hapo.

Nimemtumia ya mbuzi, na ya kutolea.