Mkataba wa mashine ya Majengo

Walikuja ofisini kwetu, karibu na stendi kuu ya Moshi, mwaka 2019: mama mwenye mashine ya kusaga pale Majengo na fundi wake wa siku nyingi. Walikuwa wakiitana patna, yaani wabia, na karatasi waliyoshika ilikuwa na mstari mmoja tu, faida nusu kwa nusu.

Mstari huo haukuongeza kitu. Wabia wasipoelewana vinginevyo, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inagawa hivyo hivyo: faida sawa, hasara sawa, wala mbia hadai mshahara kwa kazi ya ubia. Fundi akashtuka. Ndiye anayefungua alfajiri, anayebadili nyundo na chekeche.

"Mama, wewe unalala mashine inakuingizia."

"Na mota ikiungua, mwanangu, nani atanunua nyingine?"

Zito zaidi lilikuwa mashine yenyewe. Mama alitaka iandikwe kama mtaji wake, shilingi milioni 6.5. Ingeandikwa hivyo ingekuwa mali ya ubia. Siku wakiachana inauzwa, madeni yanalipwa kwanza, ndipo kila mtu ahesabiwe chake. Wengi hulijua hili dalali akishafika. Tukaandika kwamba mashine inabaki yake na ubia unaikodi kwa 100,000 kwa mwezi. Mtaji ukawa fedha taslimu tu: mama milioni 1.5, fundi milioni 2.

Tukapiga hesabu ya mwezi wa kawaida. Mapato 1,800,000, toa umeme 520,000, pango 200,000, kijana wa kupokea mahindi 150,000. Zikabaki 930,000. Humo ukatoka ujira wa fundi 250,000, kodi ya mashine, na akiba ya vipuri 80,000. Zilizosalia 500,000 wakagawana sawa. Fundi anaondoka na 500,000, mama 350,000 na mashine yake. Mama alirudia kujumlisha kwa kalamu yake mwenyewe, akakubali.

Madeni hayakuchukua muda: mbia mmoja akikopa kwa shughuli za ubia, mdai anaweza kumfuata yeyote kati yao, hadi mali ya nyumbani. Basi mkopo wowote unaozidi 300,000 unahitaji sahihi mbili, na kutoa fedha benki vilevile. Onyo tu ni kwamba kikomo hicho hakimfungi mkopeshaji asiyekijua.

Kifo hakuna aliyetaka kukitaja. Bila kifungu chake, mbia mmoja akifa ubia umevunjika. Tuliandika kwamba warithi watalipwa fungu la marehemu ndani ya miezi 6, kwa thamani itakayotolewa na fundi wa nje atakayekubaliwa na pande zote.

Wakasaini nakala tatu mbele ya wakili. Kilichobaki kilikuwa kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kulipia ushuru wa stempu TRA, mamlaka ya mapato, kwa sababu mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe. Kuhusu TRA, mama aliuliza kama wanafungua Jumamosi.