Umuongezee na masini

“Dola 90, Tantini! Tisini! Kwa koti na suruali tu!”

Ndivyo alivyoanza Jumapili usiku, bila hata kunisalimia. Mtoto wa kaka yangu, yule mdogo aliyekuwa akichezea bobini chini ya meza ya Baba kabla hawajavuka kwenda Meheba, kambi ya wakimbizi kule Zambia. Sasa yuko Marekani, amevaa sare ya jeshi la huko, na tangu mwezi uliopita ni kaporali. Kikosi chao kina karamu, sare yake ya buluu haimkai tena, fundi wa karibu na kambi amemtajia bei, na kwa kuwa mimi ndiye fundi pekee katika ukoo, kesi ikaletwa kwangu.

Nikamwambia anieleze kazi yenyewe, maana bei bila kazi ni kelele tu. Kumbe kwao cheo kipya kinaanzia mikononi na kinashuka hadi miguuni. Alama za zamani zifumuliwe, mpya zishonwe, mikono yote miwili. Suruali ya askari wa chini haina kitu, lakini ukifika kaporali ni lazima iwe na utepe wa rangi ya dhahabu juu ya mshono wa nje, kuanzia kiunoni hadi chini. Kwenye mkono wa kushoto, karibu na pindo, kila miaka 3 ya utumishi inaongezewa alama ya mshazari. Mkono wa koti uishie inchi 1 chini ya mfupa wa kifundo. Mguu wa suruali nao ukatwe mshazari, mbele uguse kiatu, nyuma ushuke zaidi. Hilo la mwisho nililipenda sana. Nina wateja hapa Kenya, komini yetu ya Lubumbashi, Kongo, tena wenye magari, ambao nikiwakatia hivyo wananiambia nimekosea.

“Na serikali haiwapi pesa ya nguo?”

“Kila mwaka inatupa. Ya mwaka huu imekwisha.”

“Basi dola 90 si nyingi. Hesabu mishono.”

“Wananiibia, Tantini. Nakwambia wananiibia.”

Nikanyamaza kidogo. Akadhani mtandao umekatika, akaanza kuita alo, alo. Mtandao ulikuwa mzuri. Ni kwamba nyumbani kwetu maneno hayo mawili, sare na kuiba, yaliwahi kukutana siku moja mbele ya kioo, na yeye mwenyewe alikuwepo, ana miaka sita, chini ya meza. Hakumbuki kitu.

Ukimtajia mtu wa Lubumbashi mwaka wa 2010 atakuambia Mazembe, timu yetu ya mpira. Ana haki. Desemba ile waliwapiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi wakaingia fainali ya klabu za dunia, na kipigo kilichofuata kutoka kwa Inter ya Milano hatukukihesabu. Mimi 2010 yangu ni Juni, ile baridi ya kiangazi, vumbi jekundu hadi ndani ya kikombe cha chai, na koti la ajida, mwanajeshi wa cheo hicho.

Nchi ilikuwa inatimiza miaka 50 ya uhuru. Kila mtu alikuwa anashonesha. Akina mama wa vyama, wanafunzi, walimu, fanfari za tarumbeta, wote walitaka nguo kabla ya tarehe 30, na wote walileta vitambaa tarehe 22. Umeme ulikuwa unakuja usiku wa manane na kuondoka bila kuaga. Kazi yangu ilikuwa kufumua mishono na kupiga pasi ya makala, yaani mkaa. Ukipuliza makala vibaya majivu yanaruka kwenye nguo nyeupe, unapigwa kelele na Baba, halafu unapigwa kelele na mwenye nguo.

Ajida alikuja jioni, ameshika koti la sherehe kwenye mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba samaki. Mwembamba, mrefu wa wastani, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Alivua kofia alipoingia. Nakumbuka hilo kwa sababu walioingia na kofia kichwani walikuwa wengi.

“Fundi, hii koti ni ya mutu mukubwa,” alisema.

Kweli lilikuwa la mtu mkubwa. Alipolivaa, vidole tu ndivyo vilivyoonekana, na mgongoni palikuwa na nafasi ya kuficha mtoto. Angekuwa mstari wa mbele siku ya gwaride. Kwa nini alipewa koti la mtu mwingine, Baba hakuuliza, na mimi sikuwa mtu wa kuuliza.

Niwaeleze kidogo, maana mnaoniandikia mkilalamikia bei za kushonesha hamwelewi koti. Suruali ni ndugu yako, unaifumua, unaikunja, unamaliza. Koti la sherehe lina koti jingine ndani yake. Kuna bitana, kuna kitambaa kigumu cha kifua, kuna sponji ya bega, na mkono umeshonwa juu ya hayo yote. Kiuno unaweza kukipunguza kupitia mishono ya pembeni, ingawa usizidishe, mifuko isije ikakutana tumboni. Mkono unafupishwa kwa uangalifu kwa sababu ya vifungo na mistari ya pindoni. Lakini bega! Ukigusa bega umevunja nyumba. Unatoa mkono mzima, unafungua bitana, unapunguza sponji, unarudisha mkono, na kama ulikosea milimita chache koti linaanza kumvuta mwenyewe shingoni kama mtu anayekamatwa.

Baba akataja: mikono dola 3, kiuno dola 3, mabega dola 6. Jumla 12. Wakati ule dola ilikuwa kama franka 900.

“Fundi. Mushahara bado.”

“Lete 10.”

“Fundi.”

“Basi 8. Chini ya hapo nenda ukatafute mwenye kushona kwa macho tu, bila kupima.”

Wakakubaliana 8. Akapanda kwenye kibao mbele ya kioo, kile chenye ufa, na Baba akaanza kumfunga pini.

Hapa ndipo ninaposimama kila ninapokumbuka. Taa ya mafuta ilikuwa mezani, kwa hiyo mwanga ulitoka chini na kivuli cha koti kilijaa ukuta wote hadi kwenye bati. Ajida alikuwa amenyoosha mikono pembeni. Pini zilikuwa zimemzunguka kiunoni, kwapani na mabegani. Asingeweza kugeuka hata kidogo bila kuchomwa. Baba alikuwa nyuma yake, chaki sikioni, pini nyingine sita au saba kati ya midomo. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote, midomo imefungwa, akizitoa moja moja. Kwa hiyo mmoja hakuweza kusogea na mwingine hakuweza kusema. Mimi nilikuwa na pasi mkononi. Mlangoni Mama alikuwa anageuza mikate kwenye mafuta, ametupa mgongo.

Mama, bila kugeuka, akasema:

“Umuongezee na masini.”

Mafuta yalikuwa yanachemka. Niliyasikia sana.

Ajida akamtazama kupitia kioo. “Masini gani, Mama?”

“Singer ya miguu. Ya 1991.”

Mnaijua habari hiyo, au mnayo ya kwenu. Oktoba 1991 wanajeshi waliupora mji huu, mwezi mmoja baada ya Kinshasa. Mimi sikuwa nimezaliwa. Hiyo masini, mashine yetu ya kushona, niliijua kwa kusimuliwa tu: Baba aliinunua Ndola, akaileta juu ya lori la unga, na waliokuja kuichukua walikuwa wawili, wakashindwa kuibeba, wakamlazimisha Baba awasaidie hadi barabarani. Sehemu hiyo ya kusaidia Baba hakuisimulia kamwe. Mama ndiye aliyeisimulia, na kila mara akifika hapo alimwangalia.

Sasa Baba alisimama nyuma ya lile koti, pini midomoni, na sikuweza kujua kama alikuwa amekasirika na Mama, au na ajida, au alikuwa anahesabu tu kipimo cha mgongo. Angeweza kuzitema. Hakuzitema. Akachukua moja, akaichomeka chini ya bega la kushoto. Akachukua ya pili. Niliona mkono wake ni mtulivu, na jambo hilo lilinitisha kuliko kama ungetetemeka.

Ajida bado alikuwa anajitazama, au anamtazama Mama, ufa wa kioo ulipita katikati ya uso wake sikuona vizuri. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo kabisa:

“Nilikuwa na miaka 19.”

Basi. Hakusema alikuwa wapi. Hakusema hakuwepo.

Baba akatoa pini ya mwisho. “Simama wima, Shefu,” akasema. “Ukiinama hivyo, bega litakosea.”

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tulifanya kazi usiku tatu. Nilifumua mikono, Baba akapunguza sponji za kulia na kuongeza kidogo kushoto ili mabega yalingane, bila kumwambia mwenyewe. Nilipochukua mkasi kukata kitambaa kilichozidi mkononi, akanipiga kofi dogo la vidole. Kitambaa cha sare hakikatwi, alisema, kinakunjwa kwa ndani, kwa sababu huwezi kujua nani atalivaa baada ya huyu. Sentimita nne nzima tukazificha mle, tukafunika na bitana. Hata leo nakunja. Wanafunzi wangu wanalalamika kwamba pindo linakuwa zito.

Tarehe 29 ajida akaja kuchukua. Mama alikuwa ametoka, au alijitoa, sijui. Alilivaa, akainua mikono, akashusha, akatikisa kichwa kukubali. Akaacha pesa mezani zimefungwa na lastiki, akaondoka. Noti za 500, wakati ule hakukuwa na kubwa zaidi. Baba akahesabu. Akahesabu tena. Ishirini na moja, na juu yake noti tatu za 100.

Franka 10,800. Dola 12 kamili.

Hapo familia yetu iligawanyika na bado haijaungana. Kaka alisema yule mtu alisahau tu kwamba bei ilishuka. Mama aliporudi akazitazama, akasema, “Hiyo ni avansi.” Avansi, malipo ya kwanza ya mashine! Nilicheka, nikaangaliwa, nikaacha. Baba hakusema kitu, ila asubuhi alitenga franka 3,600, akazitia mfuko wa shati, akaniambia nivae viatu.

Tulienda kwenye gwaride kumrudishia. Fikirieni: mji mzima barabarani, fanfari, shule, vyama, jua la baridi, na Baba ananivuta mkono katikati ya watu ili amkabidhi mwanajeshi aliye mstarini noti zake. Tulifika karibu na kamba. Wakapita. Nilimtambua kwa mabega kabla ya uso, yalikuwa yamelingana kama rafu. Alikuwa anatazama mbele, kama walivyofundishwa. Nilimwona Baba ameweka mkono juu ya mfuko wa shati na nikajua sasa ataita. Midomo ilikuwa imefungwa vilevile kama ina pini.

“Mkono wa kushoto unavuta,” akasema walipokwisha kupita. “Uliuona?”

Sikuuona. Kwangu lilikuwa koti zuri kuliko yote.

Ajida hakurudi tena. Zile 3,600, Baba hadi anafariki alisema Mama alinunulia unga. Mama anasema Baba alizinywa na marafiki zake. Mimi nilikuwa na funguo za sanduku la bobini mwaka ule wote na sikuziona humo.

Hayo yote sikumwambia kaporali wetu. Nilimwambia amuulize fundi wake kama mikono itakatwa au itakunjwa, na kama itakatwa amwondolee dola 10. Jana akatuma picha, amevaa, utepe wa dhahabu unang’aa miguuni. Nikampelekea Mama simu. Alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, akapita usoni haraka, akashuka begani, akakaa hapo.

“Alilipa?”

“Alilipa, Mama.”

“Yote?”

“Yote. Na analalamika.”

Akaendelea kutazama. Halafu akanirudishia simu, akaniomba nimtafutie uzi mweusi, pindo la kitenge chake limefumuka.