Nilivyojifunza namna ninavyosoma, na masomo yakaanza kukaa kichwani

Nikiwa sekondari nilikuwa nabukua kweli kweli. Notsi nazisoma nazirudia, napiga mistari ya rangi, kiasi kwamba nikifumba macho naiona mpaka kona ya ukurasa ilipoandikwa ile pointi, ila pepa likija kona naiona na pointi yenyewe siipati. Dawatini nilikuwa nakaa na mwenzangu ambaye alikuwa anasoma kidogo tu, halafu anafunga daftari anaanza kuongea peke yake kama vile anafundisha darasa, na maksi anapata. Watu walisema ana akili za kuzaliwa. Mi sikukubaliana nao, nikaona huyu kuna kitu anafanya ambacho mi sifanyi, na hapo ndo nikaanza kufuatilia mambo ya jinsi mtu anavyojifunza.

Kitu cha kwanza utakachokutana nacho ukianza kutafuta ni ule mgawanyo wa VARK, ulioanzishwa na Neil Fleming wa New Zealand, aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule, na mwaka 1992 yeye na Colleen Mills wakauandikia makala. Unasema kuna wanaopenda kujifunza kwa kuona michoro, kwa kusikiliza, kwa kusoma na kuandika, na kwa vitendo. Unajibu maswali yake unaambiwa uko upande gani. Mi ikatoka kuona, nikafurahi sana, nikaanza kuchora kila kitu.

Kwenye baiolojia ilinibeba. Mfano mzunguko wa damu, hii kitu ukiisoma kwa maneno matupu inachosha, lakini ukichora mwenyewe moyo wenye vyumba vyake 4, damu inaingia atiria ya kulia, inashuka ventrikali ya kulia, inaenda mapafuni kuchukua oksijeni, inarudi atiria ya kushoto, inashuka ventrikali ya kushoto halafu inatoka kwa aota, ule mshipa mkubwa, kwenda mwilini, ukishachora hivyo bila kuangalia kitabu basi hata swali lije limepinda vipi unalijibu. Jiografia nayo hivyo hivyo, ramani ndo kila kitu. Ila nikaja kwenye hesabu, mchoro ukanisaidia jiometri tu, aljebra ikabaki pale pale. Historia nikachora vimishale vya miaka na bado sababu za tukio zikawa zinanichanganya. Kwenye lugha ndo kabisa, utachora nini kwenye insha?

Nikaelewa kwamba kuna kipande cha mambo haya hakisemwi. Mwaka 2008 wanasaikolojia 4 wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walipitia tafiti zilizokuwepo wakaona hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ukimfundisha mtu kwa staili anayoipenda ndo ataelewa zaidi. Wengi wakisikia hivyo wanatupa kila kitu, wanasema basi mambo ya staili ni uongo. Mi naona wanakosea. Kupenda njia fulani na njia hiyo kukusaidia ni vitu viwili, na kazi ya mwanafunzi ni kujua kipi ni kipi kwake, kwa somo gani. Somo lenyewe lina sauti kubwa kuliko mapenzi yako. Hata aliyeambiwa ni msikilizaji lazima aangalie ramani, na hata aliyeambiwa ni wa michoro lazima asikie lugha ikitamkwa.

Kwa hiyo nikaacha kujiuliza mimi ni mtu wa aina gani, nikaanza kujiuliza nakwama wapi. Maana kukwama kuko kwa aina nyingi. Kuna kukwama kwa kutoelewa kabisa, kuna kuelewa halafu ukasahau, kuna kukumbuka vizuri tu ila swali likibadilishwa kidogo unapotea, na kuna kushindwa tu kutulia. Kila moja ina dawa yake, na mtu wa nje hawezi kukuonea, inabidi ujiangalie mwenyewe. Shida yangu mimi ilikuwa ya pili. Darasani naelewa, siku zikipita imeshatoka, na kwa sababu nikisoma tena naona maneno ninayoyafahamu basi najiona nayajua.

Kuna jaribio la wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006 ambalo lilinifungua sana. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari, wengine wakakirudia kukisoma, wengine wakakiweka pembeni wakajaribu kukiandika kutoka kichwani. Wakipimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndo walikuwa juu, ila wakipimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima wakawa wanakumbuka zaidi. Ndo ile ile ya mwenzangu wa dawatini! Alikuwa anafunga daftari, anajilazimisha kutoa kitu kichwani. Kuongea kwake kulikuwa njia tu, kazi yenyewe ilikuwa kule kukumbuka.

Basi nikachukua hiyo kazi nikaifanya kwa njia zangu. Baiolojia nafunga kitabu nachora. Historia naeleza kwa mdomo, hiki kilitokea kwa sababu ya hiki, kikasababisha kile, na nikikosa neno la kuunganisha najua hapo sijaelewa, ndo narudi kitabuni, tena pale tu palipokatika. Kemia naandika milinganyo kwenye karatasi tupu halafu nalinganisha na notsi. Hesabu nachanganya maswali ya topiki tofauti, kwa sababu ukifanya maswali 20 ya aina moja mfululizo kichwa hakichagui tena njia, kinafuata tu, na kwenye mtihani hakuna anayekuambia hili ni la topiki gani. Halafu narudia baada ya siku kadhaa, sio usiku huo huo, maana tangu mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alipojipima mwenyewe na kuandika matokeo yake mwaka 1885 inajulikana kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni.

Mambo mengine ni ya mtu na mtu kabisa. Mi asubuhi ndo kichwa kinashika, usiku nasoma mistari tu. Diskasheni ya kundi inanifaa nikiwa nimeshasoma, nikienda sijasoma narudi na mawazo ya watu. Nina rafiki hawezi kukaa, anasoma anatembea, na walimu walikuwa wanamwona mtundu, wakati ukimsikiliza anachosema akitembea ni somo lile lile tena kwa mpangilio.

Hapa naomba wazazi na walimu wanisikie, maana jambo hili linaniuma. Mtoto ukimwambia wewe sio wa vitabu, wewe ni wa vitendo, anakuamini. Kitabu anakiacha akiwa bado mdogo na hakuna somo lisilohitaji kusoma huko mbele. Na kingine, mtoto asiyeona ubao vizuri atasikiliza sana kwa sababu hana namna, utasema ni msikilizaji, kumbe anahitaji miwani. Mwenye disleksia herufi zinampa shida kweli, anahitaji kusaidiwa kusoma na mtu anayejua hiyo kazi, kumwita mtu wa michoro ni kumwacha peke yake. Chunguza macho, chunguza masikio, chunguza anavyosoma kwa sauti, ndo uongee habari za staili.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza, chukua kadaftari kadogo tu. Kila ukirudishiwa pepa, pembeni ya maksi andika ulilisomea vipi: ulirudia notsi, ulijipima, ulimweleza mtu, ulianza mapema au usiku wa mwisho. Halafu angalia maswali uliyokosa moja moja uandike ulikwama kwa aina gani, hukuelewa, ulisahau, au swali liligeuzwa. Mi nikishaona somo fulani makosa mengi ni ya kutoelewa naenda kwa mwalimu na swali lenyewe mkononi, namwambia mwalimu, mpaka hapa nafika, hapa ndo sivuki, na walimu wakiulizwa hivyo wanakaa na wewe vizuri sana kwa sababu wanajua waanzie wapi.