Bonde la Don na bonde la Msimbazi

Julai 2024 mvua ilipopiga Toronto, barabara kuu inayopita bonde la Mto Don ikawa mto. Nikampigia kwa video shangazi anayeishi Kigogo, Dar es Salaam, kando ya bonde la Msimbazi, nikamwonyesha magari yaliyozama. Akauliza: "Na watu wa bondeni wamehamishiwa wapi?"

Shangazi, bondeni hakuna nyumba.

Hakukuwa hivi tangu zamani. Oktoba 1954 kimbunga Hazel kiliua watu 81 huku, 35 kati yao katika mtaa mmoja, Raymore Drive, kando ya Mto Humber. Baada ya hapo mamlaka ilinunua ardhi ya mabondeni na kupiga marufuku ujenzi. Raymore Drive leo pana bustani, watu wanatembeza mbwa.

Kinachonikera ni hiki: Mpango Kabambe wa Dar es Salaam wa 1968 ulichorwa na kampuni ya huku huku Toronto, ya Macklin Hancock, aliyesanifu Don Mills, mtaa ninaopanga. (Usidhani ni peponi. Don Mills ilichorewa mwenye gari, mimi nangoja basi kwenye theluji.) Mpango wa 1979 nao ni wa Wakanada, na uliliweka bonde la Msimbazi katika maeneo hatarishi. Ramani ilisema kweli. Ila wakati ramani imelala kabatini, viwanja viliuzwa kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mjumbe, umeme ukafika, nyumba zikawa na namba. Kisha siku moja ukutani ikachorwa X nyekundu, alama ya kubomolewa.

Ndiyo maana mtu akinisifia mpango wa mji kwa uzuri wa michoro, mimi namuuliza fungu la kununua ardhi lilikuwa kiasi gani, na aliyeondolewa alipelekwa umbali gani na kibarua chake. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mchuuzi wa Kariakoo atoke kule saa ngapi, na nauli aitoe wapi? Wapo waliorudi.

Sasa kuna mradi wa bonde la Msimbazi unaolipa fidia, na hapo angalau naona hesabu imeanza kufanana na ya huku, ingawa imechelewa miaka mingi. Nyumba ya shangazi haimo kwenye orodha. Masika yakikaribia, friji lake hupanda juu ya matofali manne.