Nilivyofufua kompyuta iliyogoma kuwaka bila kupiga Windows upya

Wakuu, nimechoka na huu ushauri wa "piga Windows upya". Kompyuta ikikohoa kidogo tu, piga Windows. Umeme ulikatika wakati yangu inamalizia apdeti, kuiwasha tena inaleta skrini ya bluu, inajizima, inajiwasha, inajaribu kujirepea, inakuambia imeshindwa. Kila niliyemuuliza jibu lilikuwa hilo hilo, na mmoja anayejiita fundi akaongezea eti diski imekufa ninunue nyingine. Diski hata hajaigusa!

Sasa kitu ambacho hawa watu hawasomi kabisa: ile repea ya yenyewe ikishindwa huwa inaacha ripoti. Ukiingia kwenye lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt, liko kwenye Advanced options za skrini hiyo ya repea), ripoti iko Windows\System32\LogFiles\Srt, inaitwa SrtTrail.txt. Yangu ilisema wazi kwamba faili la lazima kwa kuwashia, cng.sys kwenye folda ya drivers, limeharibika. Faili moja. Eti nifomati kila kitu kwa ajili ya faili moja.

Angalizo, ukiwa humo ndani herufi za diski hubadilika, C yako inaweza isiwe C. Yangu ilikuwa D. Na kuna diski X ambayo ni ya muda tu, inakaa kwenye RAM, ukipesti kitu huko ukirestati kimepotea, halafu unakuja kulalamika njia haifanyi kazi. Na kama diski ina BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data) tafuta kwanza ule ufunguo wake wa namba 48, mara nyingi uko kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Nikaanza na sfc, amri ya kukagua na kurepea mafaili ya Windows, kama kila mtu (D ni herufi yangu, weka yako):

sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Ikanijibu kuna marekebisho yanasubiri, washa kompyuta upya kwanza. We mashine, ningeweza kukuwasha ningekuwa huku? Hilo dawa yake ni amri nyingine ya kurepea Windows, dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions, inafuta zile apdeti zilizoishia njiani. Baada ya hapo sfc ikakubali kukimbia, ikakimbia weeee, mwisho ikasema imekuta mafaili mabovu ila mengine imeshindwa kuyatengeneza.

Hapa ndipo wajuaji huwa wanakuambia nenda folda ya WinSxS (iko ndani ya folda ya Windows, ndiyo hifadhi ya mafaili yake) kuna kopi ya akiba. Nikaenda, na hapa ndo nitoe siri ninayojivunia: sikuhangaika na amri za kukopi. Kwenye lile dirisha jeusi andika notepad, bonyeza enta, halafu nenda kwenye kufungua faili, chini pale chagua mafaili ya aina zote. Basi, una kivinjari cha mafaili! Unaona diski zote na majina yake, unaona saizi, raiti kliki unakopi, unapesti, unabadilisha jina, maus inafanya kazi kama kawaida. Nilivyoligundua hili nilicheka peke yangu. Hata picha na kazi zako unaweza kuzihamishia kwenye flashi kwa njia hiyo kabla hujagusa kitu chochote, na mimi nilifanya hilo kabla ya kuendelea.

Turudi WinSxS. Ile cng.sys ya drivers ilikuwa saizi 0. Nikaenda kwenye ile "akiba", nayo 0! Sababu ni kwamba ile siyo kopi, ni faili hilo hilo moja lenye majina mawili sehemu mbili, likiharibika limeharibika kote. Kulikuwa na nyingine kwenye vifolda vinavyoitwa f na r lakini hizo ni vipande vya tofauti tu kati ya toleo na toleo, vidogo vidogo, siyo faili kamili, usipesti hizo.

Ila ile safari haikuwa ya bure, maana jina la folda lenyewe huko WinSxS, refu kama treni, lina namba ya toleo ndani yake, inaanza na 10.0 (hata Windows 11 ni hivyo, msishangae). Nikachukua laptopu ya mdogo wangu, nikatafuta cng.sys kwenye WinSxS yake mpaka nikapata folda yenye namba ile ile mpaka mwisho. Siyo inayofanana fanana, ile ile. Nikakopi kwenye flashi, nikarudi kwenye notepad yangu, faili bovu nikaliita cng.old badala ya kulifuta, nikapesti zima.

Ikawaka. Desktopu yote ipo, programu zote zipo, hata tabu za brauza.

Ikishawaka usikimbilie kufanya kazi, maana hifadhi ya WinSxS bado ina ubovu. Fungua dirisha la amri kama adimini, piga dism /online /cleanup-image /restorehealth ukiwa na intaneti, ikiisha ndo sfc /scannow. Hiyo dism ina tabia ya kuganda kwenye 62.3%, watu wengi wanaizima hapo. Iacheni. Yangu ilikaa pale mpaka nikaenda kulala, asubuhi nimekuta imemaliza.