Boksi la mayai sita: wiki yangu moja ya elimu maalumu Oslo

Nasimulia wiki moja tu, ya Novemba 2009, kwa sababu ndiyo wiki niliyokaribia kufunga sanduku nirudi nyumbani.

Wakati huo nilikuwa nimefundisha kitengo miaka sita. Mwalimu wa elimu maalumu wa Tanzania akisikia neno hilo haulizi zaidi. Ni chumba cha pembeni katika shule ya msingi ya kawaida, mara nyingi kile kilichobaki baada ya madarasa mengine kugawiwa. Kitengo chetu kilikuwa na watoto wasioona, wenye ulemavu wa akili, mmoja mwenye mtindio wa ubongo, na walimu wawili. Nilisomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu huko Arusha, na baadaye nikapata nafasi ya shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kwa ule mpango wao wa Quota: ulikuwa unasoma kwa fedha ambazo sehemu yake ni mkopo, na ukimaliza na kurudi kuishi kwenu mkopo ulikuwa unafutwa. Kwa hiyo kurudi kabla ya kumaliza kusingekuwa aibu tu. Kungekuwa na hesabu pia.

Jumatatu ile nilitoka Kringsjå, kwenye mabweni, gizani, nikarudi gizani. Kuanzia katikati ya mwezi huo jua la Oslo huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na katikati yake mimi nilikuwa ndani ya jengo la Helga Engs hus nikisikiliza mihadhara. Wiki ilikuwa na mambo matatu: makala saba za kusoma, siku mbili za kutembelea shule, na Ijumaa kusimama mbele ya darasa dakika ishirini kueleza jinsi mwanafunzi anavyopimwa katika nchi yako.

Makala tuliziweza kwa kugawana. Mganda mmoja, Mwethiopia mmoja na mimi: kila mtu na zake, anaandika ukurasa mmoja, kisha jikoni usiku anawaeleza wenzake. Mimi nilichukua zilizohusu Tamko la Salamanca la 1994 la elimu jumuishi, yaani watoto wote kusoma shule moja, lile lililoafikiwa na serikali 92, kwa kuwa nilikuwa nikilikariri tangu Patandi. Mganda akaniambia, "Mwalimu, wewe umechagua nyepesi, basi utasonga ugali." Nikasonga. Unga wa mahindi tuliufuata Grønland, mtaa wenye maduka ya Wasomali na Wapakistani.

(Jambo dogo lililonitesa kuliko makala: huko profesa anaitwa kwa jina lake la kwanza, kama mwenzako wa kijiweni. Mimi wa shikamoo nilishindwa kabisa. Miezi mitatu nilikuwa naanza kila swali na "samahani" ili nisilazimike kumtaja.)

Jumanne na Jumatano tulikwenda shuleni. Jina la shule silisemi, wala la mtoto, kwa sababu tulitia saini karatasi ya kutunza siri kabla ya kuvuka mlango. Alikuwa mtoto wa darasa la tatu, asiyeona, anayesoma shule ya jirani na kwao pamoja na watoto wanaoona. Norwei ilifunga sehemu kubwa ya shule zake maalumu za serikali mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kugeuza baadhi kuwa vituo vya utaalamu, kama Huseby hapo hapo Oslo kwa upande wa wasioona. Mtaalamu hutoka kituoni akaenda alipo mtoto, kama walimu wetu wa kuzunguka, ila yeye hahitaji kuomba lifti ya pikipiki.

Nilitegemea kuona mitambo ya ajabu. Na kompyuta yenye nukta nundu, yale maandishi ya wasioona, zinazoinuka chini ya vidole niliiona. Lakini pembeni yake ilikaa mashine ya Perkins ya kuchapia nukta nundu, ileile ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia, yenye kengele inayolia mstari ukikaribia kuisha. Nilipoisikia ile kengele nilitabasamu peke yangu. Ya kwetu kitufe kimoja kilikuwa kimekwama, tukawa tunawarudisha watoto kwenye kibao na kalamu ya kutobolea.

Kilichonishangaza ni jalada. Kabla mtoto hajapewa vipindi vya elimu maalumu, ofisi ya ushauri ya manispaa humpima na kuandika tathmini, mzazi lazima akubali, kisha shule inaandika mpango wa mtoto huyo mmoja: malengo yake, saa zake kwa mwaka, nani atamfundisha. Mzazi asiporidhika ana haki ya kukata rufaa. Niliushika ule mpango bila kuelewa hata sentensi moja ya Kinorwei, nikawa nahesabu kurasa tu.

Na somo lenyewe sikulielewa. Wenzangu waliniambia niandike nilichojisikia. Nilijisikia mjinga, lakini hilo halijazi ukurasa. Basi nikafanya kile nilichozoea kitengoni siku ya vurugu: nikahesabu. Daftari katikati, upande mmoja mtu mzima anapomsemesha mtoto, upande wa pili mtoto mwenzake anapomsemesha. Vijiti vinne na cha tano kuvikata, kama karani wa mizani anavyohesabu magunia. Mwalimu msaidizi alijaza upande wake nikaingia mstari wa tatu. Upande wa watoto ulikuwa na vijiti vinne.

Mapumziko wote walivaa majaketi wakatoka kukimbia kwenye theluji. Yule mtoto akabaki ukutani na msaidizi wake, wamesimama, wanaongea. Mama yule alikuwa mwema, lakini nilikumbuka mpira wetu wa makaratasi uliofungwa ndani ya mfuko wa nailoni unaochakarisha, ambao asiyeona anausikia ukija, na jinsi nilivyokuwa nawafokea wapunguze kelele.

Jumatano kabla ya kuondoka mtoto aliuliza, kupitia msaidizi, lugha yangu inaandikwaje. Nikaketi kwenye Perkins nikagonga: baba. Akapitisha kidole akalisoma sawasawa mara ya kwanza, maana Kiswahili hakina hila za herufi. Naye akanisukuma kidogo akaniandikia herufi yao ya å, ambayo kwetu haipo: nukta ya 1 juu kushoto na ya 6 chini kulia, kona mbili zinazotazamana. Akanishika kidole akakiweka juu yake, akasubiri niitamke. Nilikosea. Alicheka sana.

Alhamisi ndiyo ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimeandaa slaidi kumi na nane: sera ya watu wenye ulemavu ya 2004, mkakati mpya wa elimu jumuishi wa 2009, nadharia ya mwanasaikolojia Vygotsky, mishale huku na huku. Mhadhiri wangu akazipitia kimya, akauliza, "Wewe uko wapi humu?" Sikuwa na jibu. Nilirudi chumbani nikalala na koti. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Baada ya kuona jalada lile, ningesimamaje kusema kwetu nilikuwa nampima mtoto kwa trei la mayai?

Saa tatu usiku, kwetu saa tano, nikampigia mwalimu mwenzangu wa kitengo kwa kadi ya simu. Nikamwambia nahitaji fomu yoyote tunayotumia kupimia. Akanyamaza, halafu akasema, "Dada, fomu gani? Si wewe uliyetuletea trei?" Kisha akalalamika kwamba nimemwamsha.

Nilifungua friji ya jikoni. Mayai ya pale huuzwa pia katika boksi la sita, safu mbili za tatu tatu. Ukilisimamisha wima ni seli ya nukta nundu kamili, yaani nukta sita za herufi moja, 1 hadi 3 kushoto kutoka juu, 4 hadi 6 kulia, wala huhitaji kisu. Kwetu nilikuwa nakata trei kubwa na kuweka viazi vidogo. Nikachemsha mayai sita usiku huo, nikazifuta slaidi kumi na tano.

Ijumaa niliwaambia wafumbe macho, nikapitisha boksi mkononi mwa kila mmoja. Nikaeleza nilivyokuwa napima. Kwanza naangalia kidole kinaanzia wapi, juu kushoto au kinatangatanga. Kisha tunapanga "baba", kwa sababu a ni nukta ya 1 peke yake na b ni ya 1 na ya 2, zote za kushoto. Mtoto akiweza baba najua juu na chini anavitofautisha. Halafu "mama": m inachukua 1, 3 na 4, sasa lazima avuke kwenda kulia. Anayekwama hapo hana tatizo la herufi. Ana tatizo la pande, na wiki hiyo tunacheza michezo ya mkono wa kulia na wa kushoto, hatugusi kitabu. Mwisho nikapanga å, nikaitamka vibaya tena, Wanorwei wawili wakanisahihisha kwa pamoja.

Hapo mhadhiri akauliza swali lililonikalisha chini: hayo yote unayaandika wapi? Hakuna pahali. Yalikuwa kichwani mwangu. Nilikuwa na mwanafunzi aliyehamia mkoa mwingine baada ya mzazi kuhamishwa kikazi, akaenda na begi na sare tu, na mwalimu mpya bila shaka alianza naye kwenye baba.

Mayai tuliyala kwa chumvi kwenye korido. Jumamosi, badala ya kulala, nilitwaa karatasi moja, upande mmoja tu ili mwalimu mwenye watoto arobaini asikate tamaa, nikaanza kuandika fomu kwa Kiswahili. Kidole kinaanzia wapi. Baba. Mama. Kulia na kushoto. Nilipomaliza nikaona juu pana nafasi, nikaweka swali la kwanza kabla ya yote hayo: wakati wa mapumziko, mtoto huyu anacheza na nani?