Kilo 3,500 tu: tunavyoliboresha gari letu la kulala

Tangu nirushe picha za gari letu kwenye grupu la familia, maswali hayaishi. Mtafunga AC? Keria juu mtaweka lini? Kwa nini msinunue jenereta ndogo mkae kwa raha? Sasa niko likizo hapa Moshi, nyumbani kwa mama huku Rau, na jioni napata nafasi. Acha nijibu kwa kirefu, maana jibu linamhusu yeyote anayefikiria kununua motahomu huko ughaibuni. Nimeona linawahusu hata mafundi wetu wanaotengeneza magari ya watalii pale Arusha.

Kwa wasioijua, motahomu ni gari ambalo nyuma ya viti vya mbele kuna vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu dogo. Letu limejengwa juu ya chesisi ya Fiat Ducato, gari la kubebea mizigo, kama yalivyo mengi ya Ulaya. Tulilinunua mwaka huu kwa mzee mmoja mstaafu, si mbali na Leipzig, Ujerumani, tunakoishi. Limeshatumika, lakini limetunzwa vizuri sana.

Kwenye kadi ya gari kuna namba ninayoiheshimu kuliko hata bei tuliyolipa: 3,500. Huo ndio uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, gari likiwa na watu, mafuta, maji, gesi, nguo na chakula. Na kwetu sisi tuliotoka nje namba hiyo inabana mara mbili. Leseni ya Tanzania unaitumia Ujerumani kwa miezi 6 tangu uanze kuishi kule, kisha unarudi darasani, unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Mimi na mume wangu tumepita huko wote wawili, tukapata daraja B, na daraja B linaishia kilo 3,500. Wajerumani waliopata leseni ya gari dogo kabla ya 1999 wanaruhusiwa kuendesha hadi tani 7.5. Sisi hatumo.

Sasa hesabu. Makaratasi ya kiwandani yanasema gari letu lina kilo 2,930 likiwa tayari kwa safari. Ukisoma haraka unafurahi: zimebaki kilo 570! Lakini soma maandishi madogo. Hapo wamehesabu dereva mmoja wa kilo 75, tenki la dizeli lililojaa asilimia 90, na maji lita 20 tu, wakati tenki la maji linabeba lita 100. Sheria pia inakiruhusu kiwanda kutofautiana na namba hiyo kwa asilimia 5, juu au chini. Asilimia 5 ya 2,930 ni zaidi ya kilo 140. Na yote aliyoongeza mwenye gari wa kwanza hayamo kwenye karatasi: turubai la kivuli la kukunjua pembeni, keria ya baiskeli nyuma, dishi la televisheni juu ya paa, betri ya pili, mtungi wa pili wa gesi, ndoano ya kuvutia tela.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata kikombe, tulilipeleka mizani. Kule unaenda kwenye yadi ya mchanga na kokoto, unalipa yuro chache, unapimiwa na kupewa karatasi. Pima mara tatu: gari zima, magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake. Mizani ilisoma 3,190, dizeli na maji vikiwa vimejaa, mimi peke yangu kwenye usukani. Zilibaki kilo 310. Toa mume wangu na watoto wawili, jumla kilo 170. Zikabaki 140 za matandiko, nguo, viti, meza, vyombo, chakula, vifaa vya kufungulia tairi na baiskeli. Familia ya watu wanne inazimaliza hizo bila jasho. Yaani gari lilikuwa limejaa kabla hatujaanza kuliboresha.

Wiki iliyopita nilikwenda Arusha kumwona mdogo wangu. Ana gereji Unga Limited, kazi yake ni kuyageuza Land Cruiser kuwa magari ya safari: anakata paa ili linyanyuke, anaongeza viti, friji, tenki la pili la mafuta, keria ya mizigo. Nilimkuta amelala chini ya gari moja, spana mkononi. Akatoka, akafuta mikono, akaziangalia picha zangu moja moja kama daktari anavyoangalia eksirei.

"Dada, hili nyuma limekaa chini kidogo. Weka jani moja la springi kila upande, mambo yameisha."

Ni ushauri wa fundi mzuri, na kwa barabara ya Serengeti una maana yake. Lakini springi inanyanyua bodi tu, haibadilishi namba iliyoandikwa kwenye kadi. Namba ile inategemea ekseli (mhimili unaoshika magurudumu ya kushoto na kulia), breki, chesisi na tairi, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua. Chukua tairi zetu. Ubavuni zimeandikwa 215/70 R15 CP, yaani saizi na aina yake, na mbele yake kuna 109. Hiyo 109 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,030. Mbili zinabeba 2,060, na ekseli ya nyuma imeruhusiwa 2,000. Akiba ni kilo 60 kwa magurudumu mawili! Springi hata ziwe kumi, tairi ni ile ile. Na tairi ina umri: tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zetu zilikuwa bado zina kashata nene, ila zimezeeka, na huo ndio ukawa ununuzi wetu wa kwanza. Hazipendezi kwenye picha, najua, lakini ndizo zinazobeba watoto wangu.

Ujerumani ipo njia halali ya kupandisha namba. Unafunga mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma, wakaguzi wanapima, kadi inaandikwa upya, labda 3,850. Tuliifikiria sana. Lakini ukivuka 3,500 leseni ya B haitoshi, unahitaji C1, daraja la magari mazito ya hadi tani 7.5. Barabara kuu unaishia kilomita 100 kwa saa. Penye kibao cha kuzuia malori kupita mengine, na wewe umezuiwa. Ukiingia Austria hubandiki tena stika ya kioo, unafunga kifaa kinachokutoza kwa kilomita. Mwenye C1 na pesa afanye, ni uamuzi mzuri. Sisi tumeamua kubaki chini ya 3,500, na kila kinachoingia kitoe kingine.

Kitu kilichomgusa zaidi mdogo wangu ni keria ya nyuma. Tulichukua chaki tukachora kwenye sakafu ya gereji. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, weka mita 4. Keria ya baiskeli iko mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukitundika baiskeli za kilo 60 pale, ekseli ya nyuma haipati kilo 60, inapata 90. Zile 30 za ziada zinatoka mbele: gari linanyanyuka puani, na magurudumu ya mbele, ambayo kwenye Ducato ndiyo yanayovuta na kukata kona, yanapungua nguvu ya kushika lami. Kanuni yake ni rahisi: jumlisha mita 4 na 2, gawa kwa 4, zidisha kwa mzigo. Mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akamwita kijana wake aje aone. Wana wateja wanaotaka spea mbili na madumu ya mafuta mlango wa nyuma, na gari likirudi linalalamikiwa usukani mwepesi.

Basi sisi baiskeli za watu wazima tumeziacha. Za watoto zinabebwa, ni nyepesi.

Tulichofanya hasa ni kutoa. Ndoano ya tela, kilo 30, imetoka, hatuna tela. Dishi na nguzo yake, kilo 15, limetoka. Mtungi wa pili wa gesi umetoka: mtungi wa chuma wa kilo 11 za gesi, ukijaa, unafika kilo 22 hivi kwa sababu chuma chenyewe ni kizito. Kwa kiangazi mmoja unatosha. Maji tunasafiri na lita 30 badala ya 100, tunajaza tukifika kambini, na hapo peke yake tumeokoa kilo 70. Lita ya maji ni kilo, haina mjadala.

Halafu betri, na hapa ndipo nilipotumia pesa bila kusita. Zilikuwepo mbili za AGM, aina ya betri za risasi, Ah 100 kila moja (Ah ni kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri), kilo 28 kila moja. Betri za aina hiyo ukitaka zidumu usizitumie chini ya nusu, kwa hiyo kwenye 200 unapata kama 100. Tumeweka moja ya lithiamu ya Ah 100, kilo 12. Umeme unaotumika ni karibu ule ule, na kilo 44 zimerudi mfukoni. Ila msikimbilie dukani bila kujua masharti yake. Lithiamu ya aina hii haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, na Leipzig mwezi wa kwanza nyuzi hushuka chini ya hapo, kwa hiyo inakaa ndani, chini ya kiti, na ina kifaa chake cha kukata chaji baridi ikizidi. Pia magari ya siku hizi altaneta yake inapandisha na kushusha chaji kuokoa mafuta, haiwezi kuijaza betri hii vizuri peke yake. Unafunga chaja ya kati, baina ya altaneta na betri, ina kilo moja na ushee. Mdogo wangu aliiandika kwenye daftari lake, maana friji za wageni wake huzima usiku kambini.

AC ya paani hapana. Ni kilo 30 juu kabisa ya gari, mahali pabaya kuliko pote, na inataka umeme ambao hatuna. Tumefunga paneli ya sola ya kilo 8, basi.

Sasa ndani. Wajerumani wengi wakiboresha motahomu huongeza makabati ya mbao. Mimi nimekuja Moshi. Nilipanda Mbuyuni na mama, tukachagua vitenge, tukampelekea fundi cherehani vipimo vya madirisha na mito. Ameshona mapazia na mifuko ya kutundika ukutani, ile yenye vyumba vyumba, inayoshika nguo za watoto, taa, dawa na vijiko. Jana niliibeba yote hadi dukani kwa mangi hapa jirani, akaiweka kwenye mizani yake ya unga: kilo 2 na robo. Kabati la kazi hiyo hiyo lingekula kilo 15 au zaidi, na kona zake zingegongana na magoti yetu. Nimenunua pia sufuria za alumini, seti inayoingiana, na mfuniko wa sinia unaofunika zote. Kule dukani wanauza vyombo maalumu vya kambi kwa bei ya kutisha, wakati sufuria yetu ya kawaida ni nyepesi na inapika wali vizuri kuliko vile.

Mama ameuliza kwa nini nahangaika hivi, kwani trafiki wa kule wanapima magari ya likizo? Wanapima. Hapa nyumbani tumezoea kuona malori na mabasi yakiingia mizani pale Njia Panda Himo, abiria mkikaa mnasubiri. Kule hata wewe na watoto wako mnaweza kusimamishwa. Ujerumani ukizidisha zaidi ya asilimia 5 faini inaanzia yuro 10. Ukizidi asilimia 20 ni yuro 95 na pointi kwenye rekodi yako ya udereva. Nchi nyingine za jirani ni wakali zaidi, na wanaweza kukuambia ushushe mzigo hapo hapo. Lakini faini siyo inayonikosesha usingizi. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimewapokea watu wa ajali. Gari zito kwenye mteremko mrefu, breki zikishachemka, halimsikilizi mtu. Mnaoujua ule mteremko wa kutoka Marangu kushuka Himo mnanielewa.

La mwisho ni la mashemeji na wadogo zangu wanaopanga kuja mwakani, karibuni sana. Ila viti vyenye mikanda ni vinne, na namba ya abiria nayo imeandikwa kwenye kadi. Wa tano hapandi hata awe mwembamba vipi. Mtakuja na treni mpaka tutakapokuwa, hema lenu tutalibeba sisi, lina kilo 6, nimeshalihesabu. Na msibebe viazi wala mchele kutoka mjini, tutanunua huko huko.